Kona ya Nne ya Mfarishi

Kila ninapopitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa ili ulainike, harufu ile ya nta hunirudisha kijijini kwetu Nyeri, mwaka 1955. Si harufu kali. Ni harufu ya mafuta yaliyopoa, iliyochanganyika na moshi wa kuni mbichi na sufu iliyonyeshewa mvua. Mama aliupitisha uzi kwenye mshumaa mara tatu, si mbili wala nne, kisha akauvuta kati ya kidole gumba na cha shahada ili joto la ngozi liifunge nta. Mimi nami hufanya hivyo hadi leo, ingawa nyuzi za siku hizi hazihitaji nta.

Naomba msomaji anivumilie kwa jambo moja: mimi ni mtu wa tarehe. Niliingia darasa la kwanza Januari 1959 nikiwa na miaka kumi na minne, nikaketi dawati moja na watoto ambao meno yao ya utotoni yalikuwa yakidondoka. Nadhani mtu aliyechelewa kujifunza kuandika huogopa kwamba kila jambo lisiloandikwa litamtoroka. Wenzangu waliyacheka magoti yangu, ambayo yalikuwa yakigonga dawati. Matokeo yangu hawakuyacheka.

Baba yangu alikuwa fundi wa cherehani. Kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, alikuwa na mashine yake kwenye baraza ya duka moja pale Kiriaini, akishona suruali za wazee na sare za wanafunzi, na kila Jumamosi alirudi nyumbani na mfuko wa mabaki ya vitambaa. Mabaki hayo ndiyo aliyoyaunganisha mama hadi yakawa mfarishi. Sisi tuliuita tu blanketi ya viraka. Ulikuwa na tabaka tatu: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, na bitana ya amerikani chini. Katika kila kona mama aliweka kiraka kilichotoka katika nguo ya mmoja wetu. Changu kilikuwa cha maua mekundu, cha ndugu yangu Maina kilikuwa cha mistari, cha dada yangu Nyambura kilikuwa cha manjano. Cha Kamau, kitinda mimba wetu aliyezaliwa Machi 1953, kilikuwa cha kaki, kwa sababu shati lake la kwanza lilikatwa kutoka mguu wa suruali ya mteja aliyefariki kabla ya kuichukua.

Kwetu Wagikuyu watoto hawahesabiwi. Mgeni akikuuliza unao wangapi, unamwambia aje awaone mwenyewe. Kuwataja kwa idadi ni kuyaonyesha mauti njia ya nyumbani. Baba aliuzunguka mwiko huo kwa mzaha: alisema yeye hana watoto wa kuhesabu, ana kona, na kona hazikukatazwa na mtu. Kamau alipozaliwa, baba alimwambia mama huku akikata uzi kwa meno, "Sasa blanketi imejaa. Wa tano atalala wapi?" Mama akamtupia kibunda cha uzi. Nilikuwepo, nikasikia, nikacheka pamoja nao.

Askari walimchukua baba Jumatatu, tarehe 3 Mei 1954, nasi hatukuambiwa anapelekwa wapi. Mfarishi ulikuwa bado haujatiwa pindo. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo tuliamriwa kuacha mashamba yetu na kuhamia katika kijiji kilichozungushiwa handaki, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari kama mahindi, nacho kilikuwa na lango moja lililofunguliwa na kufungwa kwa filimbi. Mama alichukua chungu, jembe, na mfarishi wenye kingo zilizo wazi.

Sijui niwaeleze vipi uchovu wa wakati ule. Asubuhi filimbi ililia, na wanawake wote wenye nguvu wakatoka kwenda kazi ya lazima, kuchimba matuta na kupanua handaki. Walirudi alasiri. Ndipo walipopewa muda mfupi wa kutafuta maji, kuni na chakula, na kabla jua halijazama lango likafungwa. Mama aliketi akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Mara nyingi alilala akiwa ameketi, kiazi mkononi, nami nilikitoa polepole kisianguke majivuni.

Kamau alikufa Alhamisi, tarehe 17 Februari 1955, kwa kikohozi na kuhara, akiwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka miwili. Mama aliruhusiwa kukosa kazi siku moja. Siku iliyofuata filimbi ikalia, naye akachukua jembe akaenda.

Baba hakuwa na habari. Wakati huo tulikwisha kujua yuko katika kambi gani ya kizuizini, na kwamba kambi hiyo iko mahali penye upepo na baridi kali. Lakini mama hakujua kuandika, na barua zote ziliandikwa na karani wa kituo, zikasomwa na wakubwa wake kabla ya kutumwa. Barua zilizotaja njaa au vifo vya kijijini zilirudishwa, au zilifika zikiwa zimefutwa kwa wino mweusi. Mama alisema pia kwamba hataweza kulitamka jina la mwanawe mbele ya karani huyo, kijana anayetafuna muwa. Vifurushi vya nguo, hata hivyo, viliruhusiwa. Nilimuuliza ni nani atakayemwambia baba habari za Kamau.

"Baba yako ana macho," alinijibu.

Ndipo alipoutoa mfarishi na kuanza kuutia pindo.

Kwa wale ambao hawajawahi kufanya kazi hiyo, nitaeleza, kwa maana nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini na ninapenda ielezwe sawasawa. Utepe wa pindo hukatwa kwa mshazari, haufuati uzi wa kitambaa. Utepe uliofuata uzi hukunjika mahali pamoja, na uzi mmoja tu hubeba msuguano wote hadi ukatike. Utepe wa mshazari hugawa mzigo: nyuzi nyingi, kila uzi kidogo. Mama alikata gauni lake la Jumapili, la buluu, ambalo ndilo pekee alilokuwa nalo. Vipande aliviunga kwa mshazari vilevile ili kiungo kisifanye kinundu. Aliukunja utepe mara mbili, akaushona upande wa viraka, kisha akaugeuza upande wa bitana na kuushikiza kwa mkono kwa mishono ya kujificha, mmoja kutoka kwa mwingine upana wa punje ya mtama. Alikuwa na msemo wake: "Blanketi haifi katikati. Hufa kuanzia ukingoni." Wengine wangesema kamba hukatikia pabovu, na maana ni hiyohiyo.

Lakini fundi hujulikana kwa kona. Baba ndiye aliyemfundisha mama, na mama akanifundisha mimi. Unashona hadi ubakishe upana wa ukucha, unasimama na kufunga uzi. Unaukunja utepe kwenda juu, kama mwanafunzi anayeinua mkono, kisha unaushusha sambamba na upande wa pili. Hapo hujificha pembe ndogo. Ukiugeuza utepe nyuma, pembe hiyo hulala yenyewe, ikachora mstari mwembamba kutoka ncha ya nje hadi ndani. Usipobakisha ule upana wa ukucha, kona itavimba. Ukibakisha zaidi, itakuwa na shimo. Baba alisema mtu anaweza kudanganya kwenye suruali nzima, lakini konani hawezi.

Mama aliifanya kazi hiyo kwa majuma kumi, mishono michache kila jioni kabla mwanga haujaisha. Siku nyingine alishona minne tu. Kona yangu ilitoka kali kama kisu. Kona ya Maina, hali kadhalika. Na ya Nyambura. Alipofika kwenye kona ya nne, aliukata utepe wa buluu kabla ya kuifikia, akazikunja kingo za kitambaa kwa ndani, akazishikiza kwa uzi mweusi, mshono wa juujuu, kisha akaanza utepe upya upande wa pili. Kona ile ilibaki butu, bila utepe, kama kidole kisicho na ukucha. Nilimtazama akifanya hivyo nikafikiri, maskini, amechoka.

Kila Jumatano alasiri wanawake wachache waliruhusiwa kukutana kwenye baraza ya kanisa kujifunza kushona. Mwalimu wao alikuwa Mama Nekesa, mke wa sajini mmoja wa polisi, mwanamke mnene mchangamfu kutoka upande wa Magharibi. Hakujua Kigikuyu, nao walijua Kiswahili kidogo, kwa hiyo walielewana zaidi kwa mikono. Yeye ndiye aliyekuwa na mkasi uliokubaliwa na wakubwa, na alikuwa akituazima sindano bila kuuliza zitarudi lini. Jumatano, tarehe 11 Mei, mama alipeleka mfarishi uliokamilika. Mama Nekesa aliukunjua mapajani, akaupapasa pindo lote huku akiguna kwa kuridhika, hadi alipofika kwenye ile kona.

"Hii nayo ni nini?" aliuliza. "Ati bibi ya fundi, na anashona kona kama mdomo ya mbuzi?"

Wanawake wakacheka, kicheko kifupi cha watu ambao hawajacheka siku nyingi.

"Imetosha hivyo," mama alisema.

"Haijatosha, Mama Wairimu. Huko bwana yako ataonyesha wengine. Watasema tumefunza nyinyi kushona gunia."

Mama aliuchukua mfarishi, akaukunja kona ile ikaingia ndani, akaketi na kutazama mlima. Mama Nekesa aliona kwamba mzaha wake haukupokelewa, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema aliniinamia akaninong'oneza: "Wairimu, wewe uko na macho mazuri. Saidia mama yako. Mikono yake imekwisha na jembe."

Maneno hayo yalinikaa rohoni siku tatu. Nilikuwa na miaka kumi, binti wa fundi, na nilikuwa nimesikia watu wakicheka kazi ya nyumbani kwetu. Nilimwona baba, katika mawazo yangu, akiukunjua mfarishi mbele ya wanaume wengine na kuona haya.

Vifurushi vilipokewa Jumamosi asubuhi, saa ambazo mama alikuwa handakini. Tarehe 14 Mei aliufunga mfarishi ndani ya gunia, akaufunga kwa kamba ya katani, akanikabidhi.

"Ipeleke ilivyo," aliniambia. Kisha akatoka na jembe lake.

Mimi nilidhani ananikataza kuiangusha matopeni.

Nilikwenda nyuma ya kanisa, mahali ambapo ukuta ulikinga upepo. Nilikuwa na sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa gauni, na kipande cha utepe wa buluu kilichobaki, urefu wa mkono hadi kiwiko. Niliifungua kamba. Niliufumua ule uzi mweusi, mshono baada ya mshono, na nikadhani kwamba mama aliutumia kwa sababu uzi wa buluu ulimwishia. Kisha nilianza. Nilibakisha upana wa ukucha. Niliinua utepe, nikaushusha, nikaugeuza. Vidole vya mtoto ni vyembamba na havijachubuliwa na mpini. Kona ile ililala kwa mara ya kwanza, bila kuvutwa, mstari wake ukiwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Tangu hapo nimeshona kona nyingi nisizoweza kuzihesabu, na sidhani kama nimewahi kuipita ile. Chini yake kilikuwa kiraka cha kaki. Nilikilainisha kwa kiganja, nikamkumbuka Kamau, nikafurahi kwamba sasa kiraka chake kina mpaka mzuri kama vyetu.

Pale langoni alisimama ngati, kama tulivyowaita walinzi waliotoka miongoni mwetu wenyewe. Kazi yake ilikuwa kupapasa kila pindo kutafuta karatasi iliyofichwa. Aliuzungusha mfarishi wote mikononi.

"Huu ni mshono wa fundi," alisema.

Nilimwambia kwamba kona ile moja ni yangu.

"Ati wewe?" Akanitazama, akaurudisha guniani. Niliondoka nikitembea kwa madaha.

Sikumwambia mama. Nilitaka asifiwe na baba kwanza, ndipo nijitangaze. Septemba lilikuja jibu fupi, nalo lilisomwa na yule karani: blanketi imefika, ina joto, ninawaombea. Mama alimwomba arudie mara ya pili. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo hakulizoea, na tangu siku ile nilimwona akiwa ametuliwa kitu kizito. Si kwamba alifurahi. Aliendelea kuchoka kama zamani. Lakini ilikuwa kana kwamba mtu ameshika upande wa pili wa mzigo wake. Jioni nyingine, mvua ikinyesha, alisema bila kumwambia mtu, "Naye yuko macho saa hizi." Au alisema, "Mwanamume hulia vibaya, hajui aanzie wapi." Mimi nilidhani kwamba kuna mtu aliyekuwa akipeleka kambini habari za Kamau na kurudi na za baba. Watu wazima walikuwa na njia zao.

Baba alirudi Jumanne, tarehe 5 Agosti 1958. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amekonda, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, mfarishi umekunjwa begani. Alitushika vichwa mmoja mmoja, mimi, Maina, Nyambura, akituita kwa majina kana kwamba anajaribu kama bado yanatutosha. Aliketi, akapewa uji. Hakuunywa. Alikuwa akitazama mlangoni.

Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kaptula ndogo ya kaki, imekunjwa kwa mistari ya pasi. Aliishona kambini, alisema, kwa mabaki; alikisia kiuno. Ilikuwa kaptula ya mtoto wa miaka mitano.

"Na huyu mdogo mmemtuma wapi?" aliuliza.

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kwanza kama mtu asiyeelewa lugha, kisha kama mtu anayeogopa kuielewa. Aliinuka akauchukua mfarishi, akaukunjua sakafuni, akazigusa kona kwa kidole. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne kidole chake kilisimama. Mtu anaijua kazi ya mkono wake, na anaijua kazi ya mkono alioufundisha. Hakuniangalia. Nilingoja aniangalie, na hadi leo namshukuru kwamba hakufanya hivyo.

"Mkono ulikosea," alisema. Hakusema wa nani. "Baba Wairimu, Kamau alituacha. Alituacha mwaka ule wa handaki."

Baba aliishika ile kaptula kwa mikono miwili. "Lakini niliziona zote," alisema. "Kila siku niliziona zote nne."

Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nilikiri Desemba 1965, nilipomaliza mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Nilifikiri kwamba mtu aliyesoma anapaswa kusema kweli. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliniambia kwamba alijua tangu siku ile ile, akaongeza: "Kona yako ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Ndiyo maana iliniuma." Kisha akanipa ungo nimsaidie kuchambua.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa langu lilikuwa dhidi ya baba. Kwamba nilimnyima habari iliyokuwa katika ile kona butu na kumwachia matumaini yasiyo na msingi. Niliona hata faraja fulani humo, nikijiambia kwamba angalau alikuwa na mtoto hai miaka mitatu zaidi katika baridi ile. Nilikuwa nimekosea tena. Mume wangu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003. Binti yetu aliyekuwa mbali aliweza kufika siku ya kumi. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kulia, nimeanza kuagiza chakula na kukemea watu jikoni. Nilipomwona mlangoni, uso wake ukiwa bado uko siku ya kwanza, ilinilazimu nirudi nilikotoka nikaanze naye upya, hatua kwa hatua, maana mtu hawezi kumwacha mwanawe apite njia ile peke yake.

Ndipo nilipomwelewa mama. Yeye aliamini kwa miaka mitatu kwamba wanaomboleza wawili, na imani hiyo ndiyo iliyomwezesha kuinua jembe. Siku ile ya Agosti baba aliporudi, aliambiwa kwa kaptula ndogo kwamba alikuwa peke yake wakati wote. Na kabla hajapata nafasi ya kuuhisi upweke huo, ilimbidi ageuke, arudi hadi mwanzo, amshike baba mkono.

Wazazi wangu wote wawili wamelala sasa. Katika ukurasa wa mbele wa Biblia ya nyumba yetu nimeandika majina ya watoto wa mama, maana mimi siogopi tena kuhesabu. Mbele ya kila jina kuna tarehe ya kuzaliwa, na kwa waliotangulia, tarehe ya kufariki. Wajukuu huniuliza kwa nini mbele ya jina la Kamau kuna tarehe mbili za kifo, tarehe 17 Februari 1955 na tarehe 5 Agosti 1958, nao hudhani kwamba bibi amechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Zote mbili ni sahihi, na ya pili ni kazi ya mkono wangu.